Depo moja kwa programu zote: tuipime na siku ya kukimbia

"Mukubwa, imefika ku asilimia 60 ikakatika tena, na mega njo zimeisha." Ndivyo alivyotuambia stajieri wetu asubuhi ya siku yake ya tatu kazini. Siku mbili nzima alikuwa anajaribu kushusha depo yetu kwenye ordinateri yake, na hakuwa ameandika hata mstari mmoja. Tulitaka kumcheka. Kisha tukafanya hesabu ya mega alizochoma, mega alizonunua kwa pesa zake mwenyewe, na kicheko kikaisha. Kosa halikuwa lake. Lilikuwa letu.

Kwa wasomaji wasio wa kazi hii, tueleze kwanza. Depo ni ghala ambamo watunga programu wanaweka maandishi ya programu zao pamoja na historia yake yote: nani alibadilisha nini, siku gani, juu ya sababu gani. Chombo kinachotumika zaidi duniani kwa kazi hiyo ni Git, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Programu inayotoa risiti za minervali shuleni kwa mtoto wako iko na depo mahali fulani. Ile inayohesabu kahawa ya koperative pia, na ile ya stoku ya farmasi vilevile. Depo ikipotea, programu inaendelea kutembea hadi siku itakapoharibika. Siku hiyo hakuna mtu wa kuitengeneza.

Mjini Goma, timu nyingi za programu ni za watu watatu, wanne, watano, wenye wateja wa kila aina. Swali linarudi kila mara: kila programu iwe na depo yake, ao zote zikae pamoja ndani ya depo moja kubwa? Sisi tumechagua depo moja, na tunaitetea. Lakini tunasema pia kwamba vile wengi wetu tunaijaza, tunajichimbia shimo.

Kwanza, kwa nini moja. Zamani tulikuwa na depo tatu: shule, farmasi, koperative. Ndani ya kila moja tulikuwa tumekopia kipande kilekile, kile kinachobadilisha dola kuwa franka na kusoma malipo ya M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. Siku moja tukagundua kosa katika hesabu ya kubadilisha. Tukalitengeneza upande wa shule, tukasahau farmasi. Kwa majuma mawili risiti za farmasi hazikulingana na pesa zilizokuwa ndani ya sanduku, na mama wa kwenye kesi akaanza kuangaliwa kama mwizi. Karibu apoteze kazi juu ya mstari mmoja ambao sisi tulisahau kukopia. Tangu hapo kipande hicho kiko mahali pamoja. Ukikigusa, majaribio yanapita kwenye programu zote tatu saa ileile, na kosa linaonekana mbele ya kumfikia mtu.

Wenzetu watatuambia: "Hata Google wanafanya vile." Ni kweli. Mwaka 2016 wahandisi wa Google waliandika kwamba karibu kampuni yote inafanya kazi ndani ya depo moja, yenye mistari bilioni 2 na uzito wa terabaiti 86. Microsoft nao, mwaka 2017, walihamishia Windows ndani ya Git: mafaili milioni 3.5, giga 300 hivi. Lakini tusome hadithi hadi mwisho. Google walijijengea vyombo vyao wenyewe, na mfanyakazi wao hashushi depo yote kwenye mashini yake. Kwa Windows, kukopia depo kulikuwa kunachukua zaidi ya masaa 12, hadi Microsoft walipotengeneza njia ya kuleta faili pale tu linapohitajiwa. Wakubwa hawa hawakubeba mzigo wote mgongoni. Sisi tumeiga ghala lao bila kuiga njia yao ya kutoa mali ndani yake.

Karibu na sisi kuna mfano unaotufaa zaidi. OpenMRS, programu huru ya mafaili ya wagonjwa, ilianza mwaka 2004, na mwaka 2006 ilikuwa tayari inatumika Eldoret, Kenya, na Rwinkwavu, Rwanda. Katika toleo lake la 3, vipande vingi vya faili la mgonjwa vimekusanywa ndani ya depo moja, lakini kazi nyingine ziko kwenye depo zingine. Somo tunalolichukua hapo ni jepesi: vitu vinavyobadilika pamoja vikae pamoja, na kisichohusika kikae kwake.

Sasa turudi kwa stajieri. Depo yetu ilikuwa na uzito wa zaidi ya giga 3. Maandishi ya programu yenyewe yalikuwa kidogo tu. Zingine zilikuwa picha za ripoti, video ya mafunzo, na kopi ya data ambayo mmoja wetu aliiweka usiku mmoja akisema ataitoa kesho. Aliitoa kweli, lakini Git haisahau. Kilichoingia kinabaki ndani ya historia, na kila anayekopia depo anakibeba. Tena, kwa kawaida, Git ikikatikiwa katikati ya kukopia kwa mara ya kwanza, haiendelei pale ilipofika; inaanza upya kutoka sifuri. Huko ambako koneksio haikatiki, hilo ni jambo dogo. Kwetu ni pesa inayochomwa.

Dawa zipo, na hazidai pesa. Tulifunga kazi siku nzima, tukasafisha historia, kila mtu akachukua kopi mpya; uzito haukufika hata giga nusu. Picha na video tukazipeleka kwenye diski ya pembeni. Git ya miaka hii inajua pia kushusha historia ya karibuni tu, ao folda unazozihitaji tu, na wengi wetu hatuitumii kwa sababu hakuna aliyetufundisha. Na kuna njia ya flashi: Git inaweza kufunga depo yote ndani ya faili moja. Unampa kijana flashi, anakopia hapo mezani, kisha kwa intaneti anachukua yale mabadiliko mapya tu. Stajieri aliyefuata alipewa flashi asubuhi, na saa moja baadaye alikuwa kazini.

Jambo la pili ni zito kuliko mega. Ndani ya Git, anayeruhusiwa kusoma depo anaisoma yote. Hakuna mlango kwa kila folda. Neno la siri la mteja mmoja likiingia humo, kila mwenye kopi ako nalo, hata yule aliyeondoka kazini mwaka jana. Kulifuta leo hakutoshi, lazima libadilishwe. Na orodha ya majina? Wagonjwa, watoto wa shule, wakimbizi waliosajiliwa kupata msaada? Katika mji kama wetu, orodha ya majina ikiangukia mikono mibaya, watu wanaweza kuumia. Majina ya watu yasiingie ndani ya depo hata siku moja, hata "kwa kujaribu tu". Kwa kujaribu, tutunge majina ya uongo.

Jambo la tatu ni siku ya kukimbia, na Goma inaijua. Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, na tarehe 27 kartié 10 kati ya 18 za mji ziliamriwa kuhama. Watu walielekea Sake, Gisenyi na Bukavu na kile walichoweza kubeba. Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia mjini; umeme, maji na intaneti vikakatika, kisha benki zikafunga milango. Tujiulize: siku kama ile, depo iko wapi? Ikiwa ndani ya ordinateri ya mtu mmoja, ordinateri ikiibwa kazi ya miaka imekwenda. Ikiwa kwenye seva ya ng'ambo peke yake, hamuifikii, na mwenye kulipa kwa karte ya benki anaweza kushindwa kulipa. Kukusanya programu zote ndani ya depo moja ni kukusanya hatari zote pia. Njo maana tunataka kopi moja mjini, nyingine mbali na mji, na angalau watu wawili wenye ufunguo.

Kwa hiyo kipimo chetu cha depo nzuri si Google. Ni stajieri mwenye mega kidogo, na familia iliyo na dakika kumi za kutoka nyumbani. Depo inayowafaa hao wawili itamfaa kila mtu.

Na ninyi wateja, wakubwa wa shule, wa farmasi, wa koperative, wa ONG, msituachie sisi peke yetu. Mbele ya kutia sahihi kwenye mkataba, muulize maswali matatu: Depo ya programu yetu iko wapi? Nani zaidi ya mtu mmoja anaweza kuifungua? Majina ya watu wetu yamo ndani? Mtunga programu akishindwa kujibu, mumuombe arudi akiwa na majibu.

Sisi pia tulishindwa kujibu, si zamani sana.