Usifute Usichokielewa
Darasani tunafundishwa kwamba msimbo mzuri ni mfupi. Basi nilipopewa draiva ya kidhibiti cha kibodi na kipanya niikague, nilifuta mistari inayosubiri kabla ya kila amri. Kwenye kompyuta yangu, sawa. Kwenye kompyuta kuukuu ya maabara, kibodi ikafa.

Kidhibiti cha 8042, kilichomo kwenye IBM PC/AT ya mwaka 1984, kina mwendo wake: ukituma amri kabla hakijachukua iliyotangulia, yaweza kupotea. Ndiyo maana draiva ya Linux husubiri, tena hubeba orodha ndefu ya kompyuta na kasoro zake. Wenzangu wanaiita takataka. Ni kumbukumbu. Mkaguzi asiyeuliza mstari uliwekwa kwa nini hasafishi, anabomoa; na wanaoumia ni wenye mashine za mitumba.