Sahani 13 za Mwalimu wa Timu

Kijana mrefu wa Kindu achezaye vizuri mpira wa kikapu hakosi kuambiwa aende Marekani, kwa maana huko vyuo vikuu huwalipia wachezaji masomo. Neno hilo si uongo. Lakini wazazi wengi hawaelezwi jinsi nafasi hizo zinavyohesabiwa. Nasi twataka kulieleza jambo hilo leo.

Tangu msimu wa 1993–94 hadi ule wa 2024–25, sheria ya NCAA, shirika la michezo ya vyuo, iliruhusu timu ya wanaume ya daraja la kwanza kuwalipia wachezaji 13 tu. Timu ya wanawake, 15. Katika mpira wa miguu wa wanaume msaada uliweza kugawanywa, huyu nusu, yule robo. Katika mpira wa kikapu aliyepewa hata kidogo alihesabiwa mtu mzima. Basi mwalimu wa timu alikuwa kama mama mwenye sahani 13: alitazama ni nani atakayehitimu mwaka huu, ni nani mwakani, na pengine aliiacha sahani moja akimngojea mgeni hodari. Wengine waliweza kucheza, lakini walijilipia wenyewe.

Tangu msimu wa 2025–26, vyuo vilivyokubali mapatano mapya ya mahakamani vyaweza kuwalipia wachezaji wote, ila timu yenyewe isizidi watu 15. Sahani zimeongezeka, lakini mlango wa wanaojilipia umekuwa mwembamba zaidi.

Liko na jambo la pili. Tangu 1973 hadi 2012 msaada ulitolewa kwa mwaka mmoja mmoja. Siku hizi chuo chaweza kuahidi miaka zaidi. Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi, mzazi hana budi kuuliza: Msaada huu ni wa miaka mingapi? Mtoto akivunjika mguu, ni nani atakayemlipia masomo? Mwalimu aliyemwita akihama, ahadi itabaki?

Tumkumbuke Mkongo mwenzetu, Dikembe Mutombo, aliyefariki tarehe 30 Septemba 2024. Mwaka 1987 alifika Georgetown, chuo kikuu cha Wajesuiti mjini Washington, kwa msaada wa masomo wa serikali ya Marekani, akitaka kuwa mganga. Aliingia kwa mlango wa masomo, na mpira ukamkuta ndani. Alicheza hata akajulikana duniani kote, wala hakuacha kuhitimu katika elimu ya lugha na diplomasia. Hospitali aliyoijenga Kinshasa, yenye jina la mama yake, ilifunguliwa mwaka 2007.

Enyi wanafunzi, chezeni kwa bidii, lakini daftari lisikae chini ya mpira. Sahani ya timu hugawanywa upya kila msimu. Elimu mliyokwisha kuipata hapana mwalimu awezaye kumpa mwingine.