Zico wa Thailand na makocha wetu wa kambini

Vijana wenzangu, hapa kila mtu anaota Ulaya tu. Kiatisuk Senamuang, yule Mthailand wanayemwita Zico, alifika Huddersfield, Uingereza, mwaka 1999. Hakucheza hata mechi moja ya ligi! Baadaye akaenda Vietnam, kwa wapinzani wakubwa wa Thailand kwenye mpira, akabeba ubingwa 2003 na 2004 na Hoàng Anh Gia Lai. Hao hao wakamfanya kocha wao. (Yeye alikuwa na pasipoti, najua. Sisi hata kutoka kambini ni kibali.)

Ila tuna kaka zetu waliocheza ligi nyumbani, leo tunawaona kwenye foleni ya mgao tu, na wengine wanawacheka. Mimi nasema wapewe filimbi na watoto wa kufundisha. Viongozi wa michezo, mnasubiri nini?