Mja mzito akisema uchungu umemshika, asikizwe

Wahenga walinena kwamba ngojangoja huumiza matumbo. Methali hii huelekezewa watu wenye mazoea ya kuahirisha mambo, lakini leo naitumia kwa maana yake iliyo wazi kabisa. Mara nyingi mja mzito afikaye hospitalini kabla ya miezi yake kutimia, akasema kuwa uchungu umemshika, huambiwa angoje. Huambiwa kuwa siku zake bado, au kuwa anadeka kwa sababu hiyo ni mimba yake ya kwanza. Naamini kungoja huku kunatupokonya watoto ambao wangeweza kuishi.

Mtoto huhesabiwa kuwa amezaliwa kabla ya wakati iwapo majuma 37 ya mimba hayajatimia. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Ulimwenguni, watoto wapatao milioni 13.4 walizaliwa hivyo mnamo 2020. Wengi wao hutatizwa na mapafu ambayo hayajakomaa. Dawa ya kuyasaidia ipo, nayo si ghali. Inaitwa deksamethasoni, na mama hudungwa mara nne, kila baada ya saa 12. Utafiti wa shirika hilo uliotangazwa 2020, na ambao ulifanywa katika hospitali za Kenya, Nigeria, India, Pakistan na Bangladesh, ulionyesha kwamba kwa kila akina mama 25 waliopewa dawa hiyo, mtoto mmoja zaidi aliokoka.

Hebu msomaji apige hesabu. Tangu sindano ya kwanza hadi ya nne ni saa 36. Dawa za kutuliza mikazo ya tumbo la uzazi zipo pia, lakini aghalabu huchelewesha uzazi kwa siku moja au mbili tu, ili sindano zile zipate nafasi ya kufanya kazi. Ni dhahiri basi kwamba kila saa ambayo mama huyu anakalishwa kwenye benchi ni saa anayonyimwa mtoto wake.

Sisemi haya kwa kusoma vitabuni pekee. Mimba yangu ilikuwa na majuma 30 nilipopatwa na maumivu ya kiuno yaliyokuja na kutoweka kwa vipindi. Nilifika katika hospitali moja ya umma wakati wa magharibi. Niliambiwa, "Mama, rudi nyumbani, miezi yako haijafika." Nilikataa kuondoka, nikakaa kwenye benchi hadi alfajiri, ndipo daktari aliponipima na kugundua kwamba mlango wa kizazi ulikuwa umeanza kufunguka. Nilidungwa sindano ya kwanza papo hapo. Nililala wodini siku tisa, wawili kitanda kimoja, mmoja kichwani na mwingine miguuni. Mwanangu alizaliwa na uzito wa kilo moja na nusu, nami nikambeba kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa majuma kadhaa. Yu hai.

Mwenzangu wa kitanda kile hakujaliwa hivyo. Alikuwa amerudishwa nyumbani mara mbili kabla ya kupokelewa. Alijifungua kabla ya sindano ya pili, na mtoto wake hakumaliza siku moja. Sina uwezo wa kuapa kwamba angalipona lau mama yake angalisikizwa mapema. Ninalojua ni kwamba hakupewa nafasi niliyopewa mimi, na kwamba tofauti kati yetu ilikuwa ukaidi wangu tu. Je, ni haki uhai wa mtoto utegemee ukaidi wa mamake?

Wako watakaosema kwamba wauguzi ni wachache na kazi ni nyingi. Ni kweli. Usiku ule niliona muuguzi mmoja akihudumia wodi nzima, wala simlaumu kwa kuchoka. Lakini kumpima mama anayelalamika hakuhitaji jumba jipya wala mtambo wa mamilioni. Kunahitaji kanuni inayofuatwa: kwamba mja mzito yeyote mwenye maumivu ya vipindi, anayevuja maji au damu, asirudishwe nyumbani kabla ya kupimwa na mtu mwenye ujuzi.

Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kupata kiwango cha juu kabisa cha afya kinachowezekana, ikiwemo afya ya uzazi. Tangu 2013 jukumu la hospitali nyingi za umma limekuwa mikononi mwa serikali za kaunti. Nazitaka kaunti zihakikishe kwamba dawa hii haikosekani katika hospitali zenye uwezo wa kuwatunza watoto njiti, na kwamba zahanati ambazo hazina uwezo huo zina gari la kumfikisha mama huko upesi. Aidha, vitanda vya wodi za uzazi viongezwe.

Nanyi akina mama wenzangu, msione haya. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mwili ukikuambia kwamba mambo yameharibika, nenda hospitalini usiku huohuo, sema waziwazi mimba ina majuma mangapi, na usikubali kuondoka kabla ya kupimwa.