Kipimo cha MRI kwa fistula ya haja kubwa: nani anakihitaji, na safari yake kutoka Nassa

Mama, ukisikia neno fistula huenda unamfikiria mara moja mwanamke aliyeumia wakati wa kujifungua, anayevuja mkojo au kinyesi. Hiyo ni fistula ya uzazi. Ipo nyingine isiyosemwa sana, inayowapata wanaume zaidi kuliko wanawake, na hata watoto wachanga: fistula ya njia ya haja kubwa. Huanza na jipu pembeni ya njia ya haja. Jipu linapasuka au linatumbuliwa, maumivu yanatulia, familia inashukuru Mungu. Baada ya wiki kadhaa panabaki kitundu kidogo kisichofunga. Kinatoa usaha au majimaji yenye harufu, kinakauka siku mbili tatu, kisha kinaanza tena.

Wengi wanaita bawasiri, wengine mgoro. Sivyo. Bawasiri ni mishipa ya damu iliyovimba. Fistula ni njia, kama handaki la panya, inayoanzia ndani ya mfereji wa haja na kutokezea kwenye ngozi. Dawa za kupaka au kuingiza zinazouzwa minadani na stendi haziwezi kuifunga, na zile zinazounguza huongeza kidonda juu ya kidonda. Mgonjwa naye huficha kwa aibu, anavaa kitambaa ndani ya nguo, anaacha kukaa na watu. Mara nyingi anayegundua ni wewe unayefua.

Kwa nini daktari anataka picha

Tiba ya fistula ni upasuaji. Njia ikiwa fupi na ya juujuu, daktari anaipasua, kidonda kinapona kutoka chini kwenda juu, na kazi imekwisha. Shida ni kwamba njia ya haja imezungukwa na misuli inayoibana ili kinyesi kisitoke ovyo. Fistula nyingine hupita katikati ya misuli hiyo, nyingine huipanda kwa juu, nyingine hutoa matawi na kuacha vifuko vya usaha pembeni. Kwa nje vyote hivyo vinaonekana kama kitundu kimoja tu. Daktari akikata misuli mingi bila kujua, mgonjwa anaweza kushindwa kuzuia haja maisha yake yote. Akiacha tawi moja, ugonjwa unarudi.

Hapo ndipo MRI inapoingia. Mashine hii hutumia sumaku yenye nguvu, si mionzi ya eksirei, na huonyesha wazi usaha na majimaji yalipo, misuli ilipo, na njia imepita wapi. Mwaka 2002 madaktari wa hospitali ya St Mark's, London, walichapisha matokeo ya wagonjwa 71 ambao fistula ilikuwa imewarudia baada ya upasuaji. Pale ambapo alichokuta daktari chumba cha upasuaji kilikubaliana na picha ya MRI, ugonjwa ulirudi tena kwa asilimia 13. Pale ambapo havikukubaliana, ulirudi kwa asilimia 52. Ndiyo maana MRI sasa inahesabiwa kuwa kipimo bora kwa fistula ngumu.

Lakini angalia neno hilo, ngumu. Si kila fistula inahitaji MRI, na ningependa usikie hili kabla hujauza mbuzi.

Mtoto wa kiume aliye chini ya mwaka mmoja akipata kijipu karibu na njia ya haja, kisha kitundu kinachotoa usaha, kwa kawaida hahitaji MRI kabisa. Kwa watoto wa umri huo tatizo hili linajulikana, na mengi hufunga yenyewe kwa usafi, maji ya uvuguvugu na uangalizi wa kituo cha afya. Apelekwe haraka akiwa na homa, akikataa kunyonya, au uvimbe ukiwa mwekundu na unakua. Mtu mzima mwenye fistula ya mara ya kwanza, ya juujuu, daktari wa upasuaji mzoefu anaweza kuikagua kwa kidole na kwa kifaa akiwa amepewa dawa ya usingizi, na kuitibu hapo hapo.

Wanaohitaji picha ni wale ambao fistula imerudi baada ya upasuaji, wenye vitundu zaidi ya kimoja, ambao daktari anahisi njia inapanda juu, na wenye ugonjwa mwingine nyuma yake. Mtoto mkubwa au kijana mwenye fistula anayekonda, anayeharisha muda mrefu au kuumwa tumbo asitazamwe kitundu peke yake. Anaweza kuwa na ugonjwa wa Crohn, yaani uvimbe sugu wa utumbo, au kifua kikuu kilichoshuka tumboni. Omba pia apimwe VVU. Na mtoto wa kike anayetoa kinyesi kupitia ukeni ana tatizo la namna nyingine. Huenda amezaliwa nalo, na kwa baadhi ya watoto limehusishwa na maambukizi ya VVU. Huyo asisubiri, apelekwe kwa daktari wa upasuaji wa watoto.

Mashine zilizofika mkoani, na ile isiyofika

Umesikia kwenye redio kuhusu mashine mpya hospitalini. Habari ni za kweli. Mwaka 2021 Tanzania ilipata mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, zile shilingi trilioni 1.3 za UVIKO-19, na sehemu yake ikaenda kununua mashine za CT-Scan kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Kwa aliyeanguka na bodaboda akaumia kichwa, hiyo ni nafuu kubwa: hasafiri tena mkoa wa pili.

Kwa fistula, CT-Scan haijibu swali lenyewe. Inaweza kuonyesha jipu kubwa lililojificha ndani, lakini misuli na njia ya fistula huonekana karibu sawa kwenye picha yake. Kwa hiyo ukiambiwa "kapige CT" kwa fistula iliyorudi, si utovu wa adabu kuuliza: daktari, picha hiyo itatuonyesha njia imepita wapi kwenye misuli?

MRI inapatikana zaidi ngazi ya juu, kwenye hospitali za kanda na za taifa. Na hapa kuna jambo linalomgusa kila mlezi wa Simiyu. CHF iliyoboreshwa, ambayo kaya ya watu hadi 6 ilikuwa ikichangia shilingi 30,000 kwa mwaka, ilipangwa kumhudumia mwanachama kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Kadi iliishia ngazi moja chini ya kipimo. Sioni ajabu, shilingi 30,000 za kaya nzima haziwezi kubeba gharama za hospitali ya kanda. Lakini mwanachama haambiwi hivyo siku ya kuandikishwa, anakuja kuambiwa dirishani, akiwa na mgonjwa.

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kwenye mkutano wa kijiji watu wengi huuliza bei yake. Uliza pia kitita kinafika ngazi gani ya hospitali, na kama vipimo vya picha kama MRI vimo. Kama kaya yako imeshahamia bima mpya, swali ni lile lile, na liulizwe kabla hujaugua.

Kwa mtu wa Nassa kuna na jiografia. Hospitali ya rufaa ya mkoa iko Bariadi, hospitali ya kanda ni Bugando, Mwanza. Kutoka Nassa unapanda kuelekea Lamadi, unakata kwenda Bariadi. Ukipewa rufaa ya Mwanza unarudi njia ile ile, unapita nyumbani kwako tena, ndipo unafuata Magu hadi jijini. Mtu asiyeweza kukaa vizuri kwenye kiti cha basi anaisikia kila kilomita. Usiruke ngazi kwa sababu hiyo, maana bila barua ya rufaa bima nyingi hazilipi. Ila mwombe daktari wa Bariadi aandike kwenye barua kipimo anachokitaka na sababu yake, na mpige simu kujua mashine inafanya kazi wiki hiyo. Bila bima, kipimo chenyewe ni laki kadhaa.

Kama huna uwezo, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya kufika dirisha la malipo, ukiwa na barua ya serikali ya kijiji. Kwa sera ya nchi, watoto chini ya miaka 5, wajawazito na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana haki ya msamaha. Sema wazi kwamba unaomba msamaha.

Siku ya kipimo

Mgonjwa atalala kwenye kitanda kinachoingia ndani ya mashine, nusu saa hadi dakika 45, bila kutikisika. Mashine hugonga kwa kelele kubwa, ataziba masikio. Hakuna maumivu. Anaweza kuchomwa sindano ya dawa ya kung'arisha picha kwenye mshipa, kwa hiyo taja ugonjwa wa figo, ujauzito au mzio. Vua hereni, bangili, shanga zenye chuma, hirizi yenye bati. Mwenye kifaa cha moyo au chuma mwilini aseme mapema. Mtoto mdogo huenda akapewa dawa ya usingizi. Uliza asile tangu saa ngapi, usije ukasafiri usiku kucha kisha ukarudishwa kwa sababu ya uji wa asubuhi.

Homa kali, uvimbe unaopanda haraka, au kushindwa kukojoa havisubiri MRI. Jipu litumbuliwe siku hiyo hiyo hospitali iliyo karibu, picha itafuata.

Ukipewa majibu, chukua picha zenyewe au CD yake pamoja na karatasi, uzifunge kwenye nailoni zisilowe. Daktari atakayepasua ndiye anayezihitaji mkononi, na huenda asiwe yule aliyekuandikia.