Kizuri hakijiuzi: somo la taa ya baiskeli kwa wauza taa wa Mirongo

WAHENGA walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya taa, historia ya kampuni moja ya Japani inaonyesha kuwa methali hiyo haisemi yote.

Kampuni hiyo ni Matsushita, ambayo wengi wetu tuliifahamu kwa jina la National lililokuwa kwenye betri za redio na tochi. Ilianzisha kiwanda Dar es Salaam katika miaka ya 1960, na betri zake zikasambaa hadi maduka ya vijijini. Mwaka 2008 kampuni mama ilibadili jina na kuitwa Panasonic.

Mwanzilishi wake, Konosuke Matsushita, aliacha shule akiwa na umri wa miaka 9 akapelekwa Osaka kujifunza kazi dukani. Mwaka 1918, akiwa na miaka 23, alianza kutengeneza vifaa vidogo vya umeme. Mwaka 1923 alibuni taa ya baiskeli ya betri. Taa za betri za wakati huo zilizimika baada ya saa mbili au tatu; yake iliwaka kwa zaidi ya saa 30.

Pamoja na ubora huo, wauzaji wa jumla waliikataa. Walikwishaungua na taa mbovu, hivyo maneno matupu hayakuwatosha. Matsushita akaajiri watu wakapita kwenye maduka ya rejareja wakiacha taa kadhaa, moja ikiwa inawaka. Mwenye duka alitakiwa kuhesabu saa mwenyewe, na kulipa baadaye akiridhika. Mwaka 1927, alipotoa taa mpya kwa jina la National, aligawa taa 10,000 bure ili zijaribiwe.

Jambo la kuangalia hapa ni nani aliyebeba hasara. Taa ingezimika mapema, mtengenezaji ndiye angepoteza, si mwenye duka wala mwendesha baiskeli.

Tujiangalie sisi. Ziwani Victoria wavuvi wengi wa dagaa wameacha karabai za mafuta ya taa na kuhamia taa za betri na za sola. Ni mabadiliko mazuri. Lakini hapa Mirongo na kwingineko jijini Mwanza, taa nyingi huuzwa zikiwa ndani ya boksi, na mnunuzi huambiwa asome maandishi ya nje. Machinga naye amenunua kwa fedha taslimu kwa muuzaji wa jumla, bila dhamana yoyote. Hivyo hasara yote humwangukia mvuvi. Taa ikizimika saa saba usiku, amepoteza petroli, posho ya vibarua na usiku mzima wa giza, na mbalamwezi ikishatoka hana pa kufidia.

Mvuvi afanye hesabu kwa usiku wa kazi badala ya kutazama bei ya dukani. Tuseme taa ya shilingi 30,000 inadumu usiku 60; kila usiku umemgharimu shilingi 500. Taa ya shilingi 60,000 ikidumu usiku 240, kila usiku ni shilingi 250. Ile iliyoonekana rahisi imemgharimu mara mbili.

Najua machinga atasema mtaji wake hauruhusu kurudishiwa mali. Ni kweli, na ndiyo maana mzigo huu usianzie kwake. Waagizaji na wauzaji wa jumla ndio wenye uwezo wa kutoa taa chache za majaribio kwa kila mwalo na kuzibadilisha zikishindwa. Shirika la Viwango na Tume ya Ushindani wana kazi yao dhidi ya bidhaa hafifu na bandia, lakini hawawezi kusimama kwenye kila meza ya sokoni.

Wakati tukisubiri, kuna hatua isiyohitaji mtaji mkubwa. Muuzaji achaji taa moja ijae, aiwashe mbele ya wateja, aandike saa ilipowashwa na saa ilipozimika, na karatasi hiyo ibaki mezani. Wavuvi nao, kupitia vikundi vyao, wakatae kununua kwa wingi mahali pasipo na karatasi hiyo. Muuzaji mwenye taa nzuri hatakuwa na sababu ya kuificha kwenye boksi.