Kuriseti kompyuta ya gari: unaokoa mafuta au unafuta ushahidi?

Huku kwetu Gakindu, ukishasomea sayansi ya kompyuta watu huamini unaweza kutengeneza chochote chenye waya. Kazi yangu ni kuandika programu, lakini swali ninaloulizwa zaidi na wenye Probox na pikapu za kubeba maziwa ni hili: je, ukiriseti kompyuta ya injini, gari litapunguza kunywa mafuta?

Jibu fupi ni hapana. Jibu refu ndilo la leo, kwa sababu watu wanalipia huduma hii. Fundi mmoja alinitajia shilingi 1,500 kwa kazi ya dakika tano. Septemba 2023 bei ya petroli Nairobi ilipita shilingi 200 kwa lita. Kwa bei kama hiyo, pesa hizo ni zaidi ya lita saba.

Kwanza tuelewane kuhusu kompyuta yenyewe. Kila gari la injekta lina kompyuta ndogo iitwayo ECU. Inasoma sensa, kisha inaamua injekta zifunguke kwa muda gani. Petroli huungua vizuri kwa uwiano wa karibu gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Kwenye ekzosi kuna sensa ya oksijeni inayoiambia ECU kama mafuta yamezidi au yamepungua. ECU inasahihisha papo hapo, na sahihisho likijirudia sana inalihifadhi kwenye kumbukumbu ili safari ijayo isianze upya.

Kuriseti ni kufuta hilo sahihisho na kulirudisha kwenye sifuri, basi. Hakuna programu mpya inayoingia wala injini haibadiliki.

Sasa jiulize, hilo sahihisho lilitoka wapi? Tuseme sensa ya oksijeni imechakaa na inadanganya kwamba mafuta ni machache. ECU inaiamini, inaongeza mafuta, nawe unalalamika kwamba gari linabugia. Ukiriseti, ECU inaanza kwenye sifuri, inasoma sensa ile ile, inasikia uongo ule ule, na baada ya safari chache iko pale pale ilipokuwa. Sisi waandika programu tunaujua mchezo huu. Programu ikiwa na kasoro, kuzima na kuwasha kunakupa nafuu ya muda tu. Kasoro bado iko kwenye msimbo.

Kuna hoja nyingine ninayoisikia sana huku milimani: eti gari lililotoka Mombasa halijazoea hewa ya Nyeri, kwa hiyo ni lazima lirisetiwe. Ni kweli hewa ya huku ni nyepesi. Mji wa Nyeri uko mita 1,750 hivi juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano ukilinganisha na pwani. Lakini ECU haikariri mahali. Inapima hewa inayoingia, mara nyingi kila sekunde, na kutoa mafuta kulingana nayo. Ukipanda kutoka Sagana hadi Karatina imeshajirekebisha kabla hujafika sokoni.

Mbona basi wengine huapa kwamba iliwasaidia? Naona sababu tatu. Kwanza, kwenye magari mengine kuriseti hufuta pia wastani wa mafuta unaoonekana kwenye dashibodi, na namba mpya ikianza na mteremko lazima ipendeze. Pili, mtu aliyetoka kulipa hukanyaga mafuta kwa adabu kwa siku kadhaa. Tatu, fundi mara nyingi husafisha kichujio cha hewa au hubadilisha plagi siku hiyo hiyo, kisha sifa zote zinaiendea riseti.

Kuna mahali riseti ina maana, nami sitaki kuficha: baada ya kubadilisha kifaa kibovu. Ukiweka sensa mpya, kufuta masahihisho ya zamani kunaiharakisha ECU kujifunza upya. Hapo riseti ni hatua ya mwisho ya matengenezo, na aliyeokoa mafuta ni ile sensa.

Kinachonikera zaidi ya pesa ni hiki: mashine ya fundi ikifuta kumbukumbu, inafuta pia namba za hitilafu. Taa ya injini inazima, mteja anafurahi, na ushahidi umetoweka. Kama plagi moja haichomi, petroli mbichi inaendelea kumwagika kwenye ekzosi na inaweza kuunguza kichujio cha moshi, kifaa cha bei ghali kuliko plagi mara nyingi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua.

Kwa hiyo nashauri hivi. Usikubali chochote kifutwe kabla fundi hajakuandikia zile namba kwenye karatasi na kukueleza maana yake. Ukiweza, nunua kisomeo kidogo cha ELM327 kinachoongea na simu kwa Bluetooth. Marekani ililazimisha soketi na lugha moja kwa magari mapya yote ya abiria kuanzia mwaka 1996, lakini baadhi ya magari yaliyotengenezewa soko la Japani hayafuati lugha hiyo, kwa hiyo kijaribu kwenye gari lako kabla hujalipa. Injini ikiwa moto, angalia sahihisho la muda mrefu. Likiwa kati ya asilimia 10 chini na 10 juu, kwa kawaida hakuna haja ya hofu. Likizidi hapo, kuna kitu cha kutafutwa.

Na ukitaka kujua kama kitu chochote kimepunguza mafuta, pima kama mhandisi: jaza tangi hadi juu, andika kilomita, endesha njia yako ya kawaida ya kwenda na kurudi kwa wiki nzima, kisha jaza tena kwenye kituo kile kile. Gawanya kilomita kwa lita. Rudia wiki tatu kabla ya matengenezo na wiki tatu baada yake.

Anayekuuzia riseti na hataki upime hivyo, mwachie riseti yake. Hizo 1,500 zitatosha upepo wa tairi, kichujio cha hewa, na chai ibaki.